Kopo la Vifungo

Mbaruku alikuwa na bastola inayong'aa.
Siku za mshahara aliitoa alani mbele za watu,
akaifuta kwa leso pale dirishani,
nasi tukajiona tunaye mtu.

Siku ya siku, kwenye kalvati la Kilulu,
gogo limelazwa njiani,
wanne wametoka katikati ya mkonge,
bastola ikasema ta, mara moja,
ikauma meno.
Ganda limekwama mlangoni, nusu nje nusu ndani,
kama mgeni asiyejua aage au akae.
Mbaruku yu hai. Anauza mkaa Muheza.
Hela za watu mia mbili na sita hazikuonekana tena.

Basi funguo za sefu zikaja kwangu,
na barua ya meneja: chagua silaha, kampuni italipa.

Nikaenda Tanga mjini, kwa Kurbanali.
Akatandika kitambaa cha kijani, akaweka mbili.
"Hii, dada, imebana, hata unywele haupiti.
Na hii ya kijeshi, imechujuka rangi,
ukiitikisa inalia kama kopo la vifungo."
Ya pili aliitoa ili ya kwanza ipendeze.

Hata unywele haupiti.
Hapo ndipo niliposhtuka.
Maana mimi ni mtoto wa korona,
nimekulia kambi namba tatu, Ngomeni,
na unywele wa mkonge naujua:
unapita.
Unapita chini ya mlango, unapita chandarua,
unaukuta ndani ya uji,
ndani ya saa ambayo fundi ameapa
haiingii kitu.

Nikamwambia: nipe zote siku tatu, pamoja na mtu wako.
Akacheka. Akanipa Shehoza, mgambo wa zamani,
kijana wa maneno machache na viatu vikubwa.

Tukaziweka chumba cha brashi, juu ya boriti,
bila kufunika, mashine zikinguruma zamu nzima.
Jioni zilikuwa na manyoya kama vifaranga.
Siku ya pili, tope jekundu la mtaroni.
Siku ya tatu tukazikung'uta pajani, basi,
tukaenda machimboni kwenye ukuta wa chokaa.

Inayong'aa: tatu, ikakwama.
Shehoza akaigonga. Moja. Ikakwama.
Lile kopo la vifungo lilipiga kumi na tano,
likinitemea tope usoni,
na kubaki wazi, likingoja nyingine.

"Ina nafasi ndani," Shehoza akasema.
"Uchafu unapata pa kukaa
bila kugombana na mtu."

Sikujibu. Nilikuwa namfikiria mama,
miaka kumi na tisa ya brashi, kipande cha khanga puani,
na kifua chake kilivyobana, kikazidi kubana,
mpaka pumzi ikawa inapiga hodi
na kurudi ilikotoka.
Ningetandikiwa kitambaa cha kijani,
mapafu ya aina mbili juu yake,
ningejua la kumchagulia.

Msinielewe vibaya. Kopo nalo linataka mkono.
Kila Jumamosi nalifungua juu ya gazeti,
mswaki wa zamani, tambara, mafuta kidogo.
Kidogo, maana mafuta mengi huita vumbi
kama sukari inavyoita sisimizi.
Nahesabu risasi. Miaka sita
sijapunguza hata moja kwa ajili ya mtu,
na kalvati la Kilulu bado nalipita
kidole kimenyooka kando ya triga,
moyo ukifanya kelele kuliko gari.

Kwenye fomu ya polisi palikuwa na mstari:
sababu ya kuchagua aina hii.
Afisa alishazoea kusoma "ulinzi wa mali".
Niliandika: vumbi.
Akaligeuza karatasi kutafuta maneno mengine,
akakohoa,
akagonga muhuri.